Ziwa Masoko (Kisiba), Rungwe: wenye ramani za mali ya Mjerumani pitieni hapa kabla hamjauza ng'ombe

Kisiba Juu

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni, na Wanyakyusa wenzangu mwagonile.

Naleta uzi huu kwa sababu ya simu. Alhamisi iliyopita kijana mmoja kanipigia kutoka Singida, namba yangu kapewa na mtu aliyesikia kwamba nimezaliwa Masoko. Hakuniuliza habari za nyumbani wala mvua. Swali la kwanza: "Kaka, lile ziwa lenu lina kina cha mita ngapi?" Nikajua huyu kashauziwa ramani ya dhahabu ya Mjerumani inayosemwa imo ziwani. Namuuliza umelipa kiasi gani, anacheka, anasema hajalipa bado, "ametanguliza tu kidogo".

Sasa nitaandika ninachokijua mimi, niliyekulia pale, ili siku nyingine nikipigiwa niwe natuma uzi badala ya kumaliza salio.

Tuanze na ziwa lenyewe. Ukifika Tukuyu mjini kutoka Mbeya, kama kilomita 70 za lami, bado una kama kilomita 15 kushuka kuelekea kusini mashariki. Nasema kushuka kwa maana yake: baridi ya Tukuyu unaiacha nyuma, hewa inakuwa nzito, unavua sweta. Njiani ni migomba, kakao chini ya miti, parachichi, mahindi yamebanana na maharage. Ziwa hulioni. Unapita nyumba za watu, unapita mahakama, unadhani bado, mara ardhi inakatika mbele yako na maji yapo chini kule, mviringo kabisa, rangi ya chupa ya bia. Upana wake kutoka ukingo hadi ukingo ni mita 700 hivi. Ukilizunguka kwa mguu bila haraka, saa moja inatosha.

Hakuna mto unaoingia. Hakuna mto unaotoka. Hilo ndilo lilikuwa linatusumbua tukiwa watoto: maji haya yanatoka wapi, na mvua yote hii ya Rungwe ikinyesha mbona halifuriki? Bibi alikuwa na jibu lake, kwamba ziwa lina mdomo chini. Nilimwona mshamba. Nilipokuja kusoma nikakuta yuko karibu sana na ukweli: maji yanaingia kwa mvua na kwa chemchemi za chini ya ardhi, na yanapungua kwa kupenya kwenye miamba na kwa jua.

Lilivyotokea: moto wa chini ya ardhi ulipanda ukakutana na maji yaliyojaa kwenye miamba. Maji yakawa mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea. Chukua sufuria la maharage, lifunike, weka jiwe juu, chochea. Ndivyo shimo lilivyochimbika, miaka kama 50,000 iliyopita, halafu mvua ikalijaza. Na haliko peke yake. Ukanda huo una ndugu zake: Kingiri, Ilamba, Itamba, Ikapu na mengine, mengi madogo kiasi kwamba ukipita na gari huwezi kujua umepita ziwa.

Kina ni kama mita 37. Haya, swali la Singida limejibiwa.

Ngoja ninywe chai, narudi na habari za Mjerumani.

Ndaga Fijo

Nimeweka kambi. Ila uzi bila picha ni ndizi za mbalaga bila maziwa, mkuu.

Bin Kariakoo

Hili si lile lililo juu mlimani, unapanda msituni masaa mawili halafu unaliona chini? Niliwahi kupelekwa nikiwa chuo. Au nimechanganya?

Kisiba Juu

Umechanganya, ndugu yangu, na si wewe peke yako. Hilo ni Ngosi, liko kwenye milima ya Poroto, ni kubwa mara nyingi kuliko letu na liko juu sana, kwenye baridi. Maji ya Ngosi yana chumvichumvi. Ya Masoko ni matamu, nimeyanywa mpaka nimekuwa mtu mzima na tumbo langu lipo.

Sasa Mjerumani.

Ile mahakama niliyoitaja ni boma lao la zamani. Kuta nene za mawe, ukisimama ndani mchana wa jua unasikia ubaridi kwenye miguu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Masoko palikuwa kambi ya kikosi chao cha tano. Tukuyu wenyewe waliita Neu-Langenburg. Mei 1916 Waingereza wakavuka mpaka wakitokea Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, wakiongozwa na Jenerali Edward Northey. Mjerumani hakusubiri. Alirudi nyuma kuelekea Njombe na baadaye Iringa.

Hapo ndipo hadithi inapoanzia, nanyi mnaijua: kwamba walivyokuwa wanakimbia walisukumia ziwani bunduki, mizinga, magari na masanduku ya dhahabu. Kila mzee wa Masoko atakusimulia, na kila mzee ana idadi yake ya masanduku. Babu wa jirani yetu alikuwa na saba. Nilipomaliza darasa la saba yalikuwa yamefika kumi na mbili.

Bunduki sibishi. Jeshi linalokimbia hutupa kisichobebeka, na maji yapo hatua chache. Nabishia dhahabu. Wanaouza ramani wanakuonyesha picha ya sarafu moja ya dhahabu yenye tembo na milima nyuma yake. Ile sarafu ipo kweli, ni ya rupia 15. Lakini ilipigwa Tabora, kwenye karakana ya reli, mwaka 1916 huohuo, kwa sababu vita vilikuwa vimekata meli za kuleta fedha kutoka Ujerumani. Zilitoka kama 16,000 tu. Sasa nipigie hesabu: fedha imeanza kugongwa Tabora mwaka huo, Masoko iko mamia ya kilomita kusini, huku hakuna reli, na Mei mwenye boma keshakimbia. Ilifika lini mpaka ikatupwa?

Halafu hii ndiyo inanichekesha. Dhahabu ya zile sarafu ilitoka mgodi wa Sekenke. Sekenke iko wapi? Huko huko Singida alikonipigia yule kijana. Kaiacha dhahabu kwao anakuja kuitafuta kwa bibi yangu.

Nasaka Rupia

Mleta uzi hii ni janja ya wenyeji. Mnatukatisha tamaa ili mbaki nayo wenyewe. Nina jamaa yangu ameshika kwa mikono yake rupia iliyookotwa kando ya ziwa hilo hilo. Kama hamna kitu, hela za Kijerumani zinaokotwaje? Na kwa nini Wazungu walikuja na mitungi ya kuzamia? Jibu hapo.

Dereva wa Ushirika

Hahaha, mitungi! Hao nawakumbuka. Mji mzima ulisimama.

Fundi Nyavu

Naomba hili la mitungi nijibu mimi, niko Kyela na kazi yangu ni samaki.

Ni kweli walizama. Miaka ya 2010 walikuja watafiti kutoka vyuo vya Uingereza wakishirikiana na taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI. Wakashuka na vifaa vya kuzamia, wakapandisha maboksi. Watu wakasimama juu ya ukingo wanahesabu maboksi. Nilikuwepo siku moja nikasikia mama mmoja anasema, "Wajukuu wamekuja kuchukua mali ya babu zao." Mle ndani mlikuwa na samaki kwenye spiriti. Wadogo wadogo, wa kiganja. Wale ambao watoto wa pale wanavua kwa pini iliyokunjwa.

Mtashangaa kwa nini mtu avuke bahari kwa ajili ya samaki wa kukaanga na ugali wa mtoto. Ni hivi. Masoko kuna aina moja ya samaki jamii ya perege wadogo, kitaalamu Astatotilapia calliptera. Hao wapo pia kwenye mto Mbaka na kwenye Ziwa Nyasa, hawana ugeni. Ila ndani ya Masoko wamegawanyika. Wanaokaa pembeni, kwenye maji ya mita tano kurudi juu, madume yao ni ya njano. Wanaokaa chini, kuanzia mita 20, madume ni ya buluu iliyokoza mpaka nyeusi. Wa juu wanakula wadudu wa kwenye mawe na majani ya ukingoni, wa chini wanakula vijidudu vinavyoelea. Hata macho yametofautiana: kule chini mwanga ni hafifu na wa rangi nyingine, kwa hiyo jeni zinazohusika na kuona hazifanani na za wenzao wa juu.

Na mgawanyiko wenyewe ni wa juzi. Walikadiria umeanza ndani ya miaka 500 mpaka 1,000 iliyopita. Kwa kiumbe kugawanyika namna hiyo, hiyo ni jana asubuhi. Matokeo yalitoka Desemba 2015 kwenye jarida la Science, na kati ya waandishi yumo Mtanzania, Benjamin Ngatunga wa TAFIRI.

Kwa kawaida tunafundishwa kwamba ndugu wakitenganishwa na mlima au mto, kila mmoja anafuata njia yake. Hapa hakuna mlima. Ni bakuli moja la mita 700, samaki wa njano anaweza kushuka kwa wa buluu kwa dakika chache. Hashuki. Au akishuka hapati mchumba.

Ndaga Fijo

Kama watu wa Uzunguni na Ilemi pale Mbeya mjini. Mji mmoja, hawaoani.

Mwl. Sekela

Habari zenu. Nilifundisha shule ya msingi upande huo miaka sita kabla ya kuhamia Rungwe juu. Kaka Fundi asante, kwa sababu wanafunzi wangu walikuwa wananiletea hao samaki darasani kwenye kopo la rangi na kuniuliza mbona hawa wawili hawafanani, na mimi nikawajibu mmoja ni dume mmoja ni jike. Niliwadanganya bila kujua. Wengine sasa wana watoto.

Nina la kwangu kuhusu rangi ya maji, maana mleta uzi kasema ya chupa ya bia. Si mwaka mzima. Kuanzia Juni mpaka Agosti, baridi ikishuka na ule upepo wa kusi, maji yanabadilika. Asubuhi moja unakuta yamekuwa na ukungu, kijani kinaingia ukahawia, na mawe ya ukingoni yanateleza kuliko kawaida. Kina mama wanasema ziwa limegeuka. Mimi nilidhani ni msemo. Kumbe ndivyo ilivyo: maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka, upepo unasaidia, na ya chini yanapanda na mbolea zake zote. Mwani unapata chakula, unashamiri. Miezi ya joto yanarudi kutulia, maji ya moto juu, ya baridi chini, kama yamewekewa ubao katikati.

Hilo la ubao wanangu walilijua kabla yangu. Waliniambia, "Mwalimu, ukizama ukafika kwenye baridi, rudi." Walikuwa na sababu. Ukingo wa lile ziwa hauna ufukwe wa kuteremka polepole. Hatua ya kwanza maji yako kwenye goti, ya pili kwenye kiuno, ya tatu hamna chini. Katika miaka yangu sita tulizika mwanafunzi mmoja, darasa la nne, alikwenda kuosha ndoo. Ndoo ilielea.

Wanaokuja na mashine usiku wajue hilo.

Mama Parachichi

Pole mwalimu.

Bin Kariakoo

Pole sana mwalimu.

Mimi nina woga wa aina nyingine. Nilisoma kuhusu ziwa Nyos la Cameroon, lililopumua gesi usiku mwaka 1986 likaua watu zaidi ya 1,700 na mifugo yao. Nalo si lilikuwa ziwa la kwenye shimo la volkano? Hapo Masoko mnalalaje?

Fundi Nyavu

Swali zuri. Nyos gesi ya kaboni ilikuwa inarundikana chini miaka na miaka kwa sababu maji ya chini hayapandi kamwe. Mwalimu kaeleza hapo juu kuwa la kwetu linageuka kila mwaka wakati wa baridi. Ziwa linalojichanganya halipati nafasi ya kuweka akiba. Ila Rungwe kwa ujumla ina gesi hiyo kwa wingi, upande wa mlima Kyejo inavunwa na kwenda kutiwa kwenye soda. Na milima yetu haijafa, imelala. Rungwe ililipuka vibaya kama miaka 4,000 iliyopita. Kwenye tope la chini ya Masoko lile jivu bado lipo, tabaka lake linaonekana.

Dereva wa Ushirika

Tope la chini umelionaje wewe?

Fundi Nyavu

Si mimi. Miaka ya 1990 walikuja Wafaransa na mabomba, wakachota tope kutoka sakafuni kwenda chini karibu mita 40. Kwa kuwa hakuna mto wa kuvuruga, kila mwaka unatandika tabaka lake juu ya mwenzake, chavua, majivu ya moto wa mashamba, vumbi. Wakasoma kurudi nyuma zaidi ya miaka 40,000, mvua ilipokuwa nyingi, ilipokata, misitu ilipogeuka majani. Hata hao, wenyeji walisema wanatafuta sanduku.

Nasaka Rupia

Bado hamjanijibu. Samaki, tope, gesi, sawa. HELA ZINAOKOTWAJE KANDO YA ZIWA?

Kisiba Juu

Mkuu usipige kelele, nimekuwa shambani, nimerudi.

Kabla ya kukujibu nikupe ya mjomba wangu, maana wewe ndiye nakuandikia.

Mwaka 2009 walifika nyumbani kwa mjomba wanaume watatu na gari ndogo nyeupe. Mmoja alikuwa mzee mwenye kanzu na kofia, anaongea polepole, akisalimia anashika mkono kwa mikono miwili. Walikuwa na ramani. Niliiona. Karatasi imechovywa chai na kuchomwa pembeni kwa kiberiti, maandishi yake ya Kijerumani yalikuwa na neno "SCHULE", na katikati duara limechorwa kwa kalamu ya wino wa buluu ambayo hata leo ukienda duka lolote Tukuyu unaipata. Mjomba hakuiona ile kalamu. Aliliona lile duara.

Wakasema mali ipo ila ina mlinzi, jini aliyefungwa na Mjerumani, na jini huyo analegezwa kwa zebaki, na hiyo zebaki haipatikani ila kwa laki nane. Juu yake kuku mweusi asiye na doa, sanda mita tano, ubani. Mjomba aliuza ng'ombe wawili wa maziwa. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi saba. Mama yangu alilia kwa ajili ya yule ng'ombe mpaka watu wakauliza nani kafariki.

Usiku wa kazi walimkalisha mjomba ukingoni, kavaa sanda, mgongo kwa maji, wakamwambia asigeuke hata akisikia anaitwa jina lake, akigeuka ukoo mzima unapotea. Akakaa. Anasema alisikia maji yakipigwa, kuku akalia, halafu kimya. Akakaa hadi jogoo wa kijijini wakawika. Akakaa mpaka wanawake wa kwanza wakaja na ndoo. Wakamkuta mzee wa miaka hamsini na tano amevaa sanda, ameupa mgongo ziwa, ananuka ubani, anatetemeka. Aliyemfunua ni mke wa jirani. Simu yake nayo ilikuwa imekwenda, maana walimwambia betri inamuudhi jini.

Kuku walimla. Manyoya tuliyakuta juu kule, njia panda, na majivu.

Hakushtaki. Angeshtaki nini? Mahakama ile pale, mita chache, lakini angesimama mbele ya watu wote wanaomfahamu aseme amekalishwa kwenye sanda. Alikaa na aibu yake. Mpaka leo mtu akitaja Mjerumani anaondoka kwenye kijiwe.

Sasa Nasaka, jibu lako. Jana usiku nilimpigia mama, maana swali lako limenikaa. Babu alikuwa na kopo la tumbaku ambalo ndani yake, nakumbuka, mlikuwa na hela ya Kijerumani. Nikamwomba alitafute. Asubuhi kanipigia, kalipata darini, juu ya magunzi. Nimemwomba binamu apige picha, nawaelezea maana mtandao wa kule unapandisha picha kwa kudra.

Ni sarafu nyeupe iliyochakaa, si dhahabu, si shaba. Ina tundu katikati. Upande mmoja kuna taji juu ya tundu, DEUTSCH OSTAFRIKA, 1913, na herufi A ndogo. Upande wa pili tarakimu 5 na neno HELLER.

Mama Parachichi

Subiri. Heller ndiyo hela? Hela hii tunayoitafuta kila siku?

Kisiba Juu

Ndiyo hiyo mama. Rupia moja ilikuwa heller 100. Mjerumani kaondoka, hela kaituachia midomoni.

Mwl. Sekela

Na ile A ni alama ya kiwanda cha Berlin. Zenye J ni za Hamburg. Baba mkwe wangu alikuwa nazo za shaba, zile za heller moja zisizo na tundu, wajukuu walizichezea bao wakazimaliza.

Nasaka Rupia

Haya mmeona! Babu yake aliipata wapi? Ziwani!

Kisiba Juu

Tulia nimalize. Nilimuuliza mama hivyo hivyo: babu aliiokota wapi? Akacheka mpaka simu ikakatika. Akanipigia tena. Anasema babu hakuokota kitu. Baba yake babu alikuwa mpagazi, alilipwa hizo, na Mwingereza alipoingia na shilingi zake zikawa hazinunui hata chumvi. Zikakaa ndani. Babu akaziona zina tundu, zina uzito, hazishiki kutu.

Akazifanya machubwi.

Mshipi wa ndoano, ndoano chini, heller tano imepitishwa uzi kwenye tundu juu yake kidogo, inavuta ndoano mpaka kwa kambale. Nikamwambia mama angalia vizuri lile tundu. Akasema ndiyo, upande mmoja limelika, lina mfereji mwembamba, uzi umelikata miaka yote hiyo. Binamu kapiga picha karibu, mfereji unaonekana, unaingia ukucha.

Mama anasema zilikuwa nyingi, labda kumi, labda zaidi. Iliyobaki ni hii moja. Nyingine zote zilikwenda na kambale: samaki mkubwa anavuta, mshipi unakatika, babu anarudi nyumbani amenuna, bibi anamwuliza umeipeleka tena hela ya baba yako? Na hakuwa babu peke yake. Wavuvi wa rika lake wote walifunga hizo, maana risasi ya kununua ilikuwa ghali na hizi zilikuwa za bure. Kiangazi maji yakishuka watoto wanaokota moja hapa, moja pale, kwenye mawe.

Kwa hiyo hela ya Mjerumani imo ziwani, Nasaka, sikatai tena. Upande wa ukoo wetu kuna kama heller 45. Haifiki nusu rupia.

Dereva wa Ushirika

Nimesimamisha pikipiki nicheke. Abiria ananiuliza kulikoni.

Fundi Nyavu

Na kambale wa Masoko wanakua kweli, huo mshipi kukatika naamini. Mkuu, mwambie mama hiyo sarafu asiisugue na majivu, aiache na uchafu wake.

Bin Kariakoo

Nimeamua, Desemba nakuja. Si kwa ramani, kwa samaki wa njano. Usafiri ukoje kutoka Tukuyu?

Dereva wa Ushirika

Tukuyu stendi kuna magari ya kushuka, yanajaa ndipo yanaondoka, beba subira. Au pikipiki. Desemba mvua inakuwa imeshika, vaa kitu cha kuchafuka na usije na kiatu cheupe. Ukifika salimia kwanza wenyeji, usikimbilie kupiga picha ukingoni, utadhaniwa na wewe una duara lako. Na mwalimu kashasema kuhusu ule ukingo.

Mama Parachichi

Na ukipita msimu, beba parachichi kwetu, pale pale barabarani.

Nasaka Rupia

Mleta uzi, samahani kwa maneno ya mwanzo. Pole na ya mjomba. Swali moja tu la mwisho, na si kwa ubaya. Babu alikuwa anapenda kuvulia upande gani?

Kisiba Juu

Upande wa mahakama, mkuu. Karibu sana.